Maji ndani ya mfuko: yakatwe, lakini yasikatwe mara mbili

Mvua imenyesha usiku mzima. Asubuhi, kwenye barabara za udongo za upande wa Kolwezi, pikipiki zinatoka mashimoni na mifuko imefungwa nyuma, maji yanadondoka kidogo kidogo njiani. Mfuko unashushwa mbele ya depo, unapandishwa kwenye mizani, kilo zinasomwa. Kisha mtu wa depo anaingiza mkono ndani, anatoa kiganja kimoja cha jiwe jeusi, anakifinya, anaangalia vidole vyake na kusema: « Papa, humidité yako iko makumi mbili. » Makumi mbili kwa mia. Hakuna chombo kilichowashwa, hakuna karatasi iliyoandikwa. Mfuko wa kilo 100 umekuwa mfuko wa kilo 80 palepale, mbele ya macho ya mwenyewe.

Wachimbaji wengi wanaijua asubuhi hiyo. Mama zetu na wake zetu wanaijua pia, juu wao ndio wanaopokea zile franka jioni na kuzigawanya: unga wa bukari, makala, kodi ya nyumba, minerval ya watoto. Wakiuliza kwa nini kazi ya wiki nzima imeleta kidogo hivi, jibu ni neno moja: maji.

Leo tunataka kuongea juu ya maji hayo, na si kwa kulalamika tu. Tunataka kuonyesha namna gani maji ndani ya jiwe yanapimwa kweli, kwa moto, kwa rangi na kwa mwanga. Kila namna inaona nini na haioni nini. Na fasi gani, katikati ya mizani na Metorex, kilo za mchimbaji zinaweza kupotea bila mtu kuziona. Tena kuko jambo moja litakaloshangaza wasomaji wetu wengi: moja ya njia za kale za kuona maji kwa macho imetengenezwa na kobalti, madini ileile tunayochimba.

Kukata maji ni haki

Tuseme ukweli kwanza: mnunuzi ana haki ya kukata maji. Mama anayenunua mihogo sokoni hawezi kulipa kilo ya muhogo uliotoka kulowekwa sawasawa na kilo ya muhogo uliokauka juani siku tatu. Anajua kama sehemu kubwa ya mzigo anaobeba itabaki juani. Jiwe ni vilevile. Heterojeniti, lile jiwe jeusi linalobeba kobalti yetu, mara nyingi inatoka shimoni ikiwa imechanganyika na udongo laini, na udongo laini unakunywa maji na kuyashika. Ikioshwa, inabeba maji ya kuoshea pia. Na tusifichane: kuko wale wanaomwagia mfuko maji kusudi mizani ipande. Depo inayojilinda haifanyi kosa.

Kosa linaanza pale maji yanapokadiriwa kwa kidole, na kidole chenyewe ni cha upande mmoja tu.

Tufanye hesabu. Chukua tani moja, kilo 1 000 za jiwe bichi. Kama maji yake ya kweli ni 12 kwa mia, jiwe kavu ni kilo 880. Kidole kikisema 20, karatasi itaandika kilo 800. Kilo 80 za jiwe kavu zimepotea. Kama jiwe hilo lina kobalti 3 kwa mia, ndani ya kilo 80 hizo mlikuwa na kilo 2,4 za kobalti safi. Hakuna mtu aliyeiba mfuko. Namba tu ndiyo iliyobadilika.

Hakimu ni moto

Katika labo zote, za makampuni makubwa na za Serikali, hakimu wa maji ni tanuru dogo na mizani. Wanachukua kipande cha jiwe, wanakipima kikiwa kibichi, wanakiweka ndani ya tanuru lenye moto wa digrii 105, wanakiacha masaa mengi, wanakitoa, wanakipima tena. Wanakirudisha ndani, wanakipima mara nyingine. Uzito ukikataa kushuka, maji yamekwisha. Kile kilichopungua ndicho kilichokuwa maji.

Kwa nini 105, na si 300 ili kazi iende mbio? Hapa kuna siri ambayo kila mchimbaji anapaswa kuijua. Ndani ya jiwe kuko maji ya aina mbili. Kuko maji huru, yale ya mvua na ya kuoshea, yaliyokaa katikati ya punje. Hayo ndiyo yanayokatwa. Lakini kuko pia maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, sawa vile mfupa ulivyo ndani ya nyama. Heterojeniti ni kobalti iliyoshikana na oksijeni na hidrojeni. Ukiichoma kwa moto mkali, hidrojeni hiyo inatoka sawa mvuke wa maji. Malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, ni mbaya zaidi: moto mkali unalivunja, linageuka jeusi, linatoa mvuke na hewa ya kaboni. Kilo moja ya malakiti safi ikivunjika yote inapoteza karibu gramu 280, hata kama ilikuwa kavu kabisa kabla ya kuingia motoni.

Kwa hiyo, mtu akikaanga jiwe lako juu ya moto mkali na kukuambia « angalia, uzito umeshuka », ni kweli umeshuka. Lakini hakupima mvua. Amechoma madini yako na kuyaita maji.

Shida ya tanuru ni moja: haina haraka. Pikipiki inangoja nje, mnunuzi anataka kufunga, mchimbaji anataka franka zake leo. Ndiyo sababu watu wa sayansi, tangu zamani, walitafuta njia ya kuona maji kwa mara moja, kwa jicho.

Kobalti inayobadilisha rangi

Wasomaji wetu wanakijua kile kifuko kidogo kinachokuwa ndani ya kartoni ya viatu vipya au ya redio, chenye punje ndogo sawa vioo. Punje hizo zinaitwa silika jeli, na kazi yake ni kunywa maji ya hewani ili kitu kisioze. Nyingi hazina rangi. Lakini kuko zenye rangi ya buluu, na hizo buluu ndizo tunazotaka kuongelea: rangi yake ni kloridi ya kobalti.

Tuliweka punje chache za buluu ndani ya sahani, wakati wa mvua, dirisha likiwa wazi. Haikuchukua muda mrefu. Buluu ilianza kufifia, ikapita kwenye zambarau, mwishoni punje zikawa za waridi. Tukaziweka kwenye joto kiasi, si moto mkali, buluu ikarudi. Fanya mara kumi, itarudi mara kumi.

Namna gani inafanyika? Kobalti iliyokauka, katika chumvi hiyo, inameza mwanga mwekundu na kuacha wa buluu urudi machoni mwetu. Maji yakifika, kila punje ndogo kabisa ya kobalti inavuta maji karibu yake: mbili kwanza, na rangi inakuwa zambarau, mwishoni sita, na rangi inakuwa waridi, juu sasa haimezi tena mwanga ule mwekundu. Kobalti ni ileile. Majirani zake tu ndio wamebadilika. Ukikausha, majirani wanaondoka na rangi ya kwanza inarudi.

Jambo hili si jipya. Mwaka wa 1737, mtaalamu wa kemia wa Ufaransa, Jean Hellot, aliandika juu ya wino wa kobalti ambao hauonekani kwenye karatasi. Karatasi ikipashwa moto, maandishi yanatokea. Ikipoa na kunywa unyevu wa hewa, yanapotea tena. Watu waliufanya mchezo wa kushangaza wageni. Baadaye, wakalowesha karatasi katika kloridi ya kobalti na kuifanya kipimo: karatasi ya buluu ikigusa maji, inageuka waridi. Mwanafunzi wa sekondari ambaye shule yake ina labo labda amekwisha kuiona.

Mwaka wa 1985 watafiti walikwenda mbali zaidi. Walichukua uzi wa kioo, ule unaopitisha mwanga sawa vile bomba linavyopitisha maji, wakaupaka utando mwembamba wa jelatini wenye kloridi ya kobalti. Mwanga unaingia, unagusa utando, unatoka. Utando ukiwa mkavu, mwanga mwekundu unamezwa; ukipata unyevu, mwingi zaidi unatoka. Chombo kinahesabu mwanga uliotoka na kutoa namba. Hakuna waya wa umeme unaofika kwenye utando, kwa hiyo hakuna cheche. Chombo cha namna hiyo kinaweza kuingizwa fasi yenye hewa ya kulipuka ambamo waya wa umeme ungekuwa hatari. Hicho ndicho kinachoitwa kihisi cha kemia kwa mwanga: kitu kinachogusa maji, kinabadilika rangi, na mwanga unaleta habari.

Sasa swali la mchimbaji: je, nikiweka karatasi ya kobalti ndani ya mfuko wangu, itaniambia kama maji ni 12 ao 20? Hapana, na tusidanganyane. Karatasi hiyo inajua kusema « maji iko » ao « maji haiko ». Jiwe la 12 kwa mia na jiwe la 20 kwa mia, yote mawili yataigeuza waridi. Faida yake kwetu ni ndogo lakini ni ya kweli: ukikausha kipande cha jiwe na kukifunga ndani ya chupa, punje za buluu ndani ya kifuko chake zitakuambia kama kingali kikavu siku ya kukipima. Zikiwa waridi, hewa ya mvua imeingia, rudia kazi.

Na neno moja kwa ba mama: punje za buluu si pipi. Kloridi ya kobalti ni sumu, na Umoja wa Ulaya uliiweka mwaka wa 2008 katika orodha ya vitu vya kuogopwa sana, juu inaweza kuleta kansa. Ndiyo sababu siku hizi punje nyingi ni za rangi ya machungwa, zisizo na kobalti. Mtoto asizichezee, mtu asizikaange jikoni.

Mwanga ambao jicho halioni

Ndani ya viwanda vikubwa njia ni nyingine. Mwaka wa 1800, mwanasayansi wa nyota William Herschel, huko Uingereza, aligawanya mwanga wa jua kwa kioo na kuweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, fasi ambapo jicho halioni kitu. Kipimajoto kikapanda. Kumbe mwanga unaendelea kupita nyekundu. Tunauita infraruji.

Maji yana tabia katika mwanga huo. Mwanga tunauhesabu kwa nanometa, na nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Jicho letu linaona kuanzia karibu 400 hadi karibu 700. Maji yanameza sana mwanga wa karibu 1 450 na ule wa karibu 1 940. Basi mafundi walitengeneza mashini inayosimama juu ya mkanda unaobeba jiwe. Taa inamulika jiwe. Mashini inaangalia mwanga unaorudi katika rangi ambayo maji yanaimeza, na katika rangi ya jirani ambayo maji hayaigusi. Inalinganisha hizo mbili. Tofauti ikiwa kubwa, maji ni mengi. Mkanda haujasimama, hakuna mtu aliyegusa jiwe, na namba inatoka kila nukta.

Ni kazi nzuri, lakini nayo ina mipaka, na tunaisema ili mtu asije kudanganywa na taa yoyote inayowaka. Kwanza, mwanga huo unaona ngozi ya jiwe tu. Mfuko uliokaa juani juu ya pikipiki ni mkavu nje na mbichi tumboni. Pili, jiwe jeusi linameza mwanga mwingi hata likiwa kavu, na heterojeniti yetu ni nyeusi. Mashini iliyozoeshwa kupima mchanga mweupe au nafaka itapotea mbele yake. Tatu, na hili ndilo kubwa: mashini hiyo haijui asilimia yenyewe. Inafundishwa. Wanaiwekea jiwe ambalo maji yake yamekwisha kupimwa kwa tanuru, kisha lingine, kisha lingine, mpaka ijue mwanga gani ni sawa na maji kiasi gani. Kila chombo cha mwanga ni mtoto wa tanuru. Asiye na tanuru hana namna ya kujua kama mtoto anasema kweli.

Kadiri kobalti inavyoendelea na safari yake, maji yanazidi kuwa adui. Ndani ya betri ya simu au ya gari, maji kidogo tu yanatosha kuharibu dawa ya ndani na kuzaa asidi kali. Kule viwandani wanahesabu maji kwa sehemu kwa milioni, si kwa mia. Wanatumia dawa iliyotengenezwa na Mjerumani Karl Fischer mwaka wa 1935, yenye iyodi inayokwisha kwa kiasi kilekile cha maji iliyoyakuta. Basi, mnunuzi wa mwisho anapima maji mpaka tone la tone, na mchimbaji wa kwanza anapimiwa kwa kufinya mkono. Hapo ndipo tunasema kuna kitu hakiko sawa.

Metorex haioni maji

Sasa tunafika kwenye kiini cha habari hii. Msomaji, hata kama umechoka, soma kipande hiki mara mbili.

Baada ya mizani, jiwe linapelekwa kwenye kile chombo sawa bastola tunachokiita Metorex. Lilikuwa jina la aina moja; kwetu limekuwa jina la vyote. Kinapiga jiwe kwa miale ya X, kila metali inajibu kwa miale yake, kobalti kwa namna yake, shaba kwa namna yake, na chombo kinahesabu majibu. Kwenye kioo inaandikwa teneur: kobalti 3, kobalti 4.

Lakini maji hayajibu. Kwenye kioo hakuna mstari wa maji. Maji yanakaa tu katikati ya punje, yanachukua nafasi na kumeza sehemu ya miale. Kwa hiyo jiwe lilelile, likipigwa likiwa bichi, linaonyesha kobalti kidogo kuliko likipigwa likiwa kavu. Kobalti haijapungua, imezamishwa tu ndani ya maji.

Angalia sasa kinachotokea. Tuna kilo 1 000 za jiwe bichi, maji ya kweli ni 15 kwa mia. Jiwe kavu ni kilo 850. Likiwa kavu, teneur yake ni 4 kwa mia. Kilo 850 mara 4 kwa mia: kilo 34 za kobalti. Hiyo ndiyo mali ya mchimbaji.

Likipigwa bichi, Metorex itasoma karibu 3,4. Ukichukua kilo 1 000 mbichi mara 3,4 kwa mia, unapata kilo 34 zilezile. Hakuna aliyepoteza.

Lakini kama depo inasoma teneur kwenye jiwe bichi, 3,4, halafu inakata maji kwenye kilo, 850, hesabu inatoa kilo 28,9. Kilo 5,1 za kobalti zimeyeyuka. Maji yamekatwa mara mbili: mara moja ndani ya Metorex, ambapo hakuna aliyeyaona, na mara ya pili kwenye mizani, ambapo kila mtu ameyaona. Tena, ubao wa bei unalipa kwa ngazi za teneur. Jiwe la 4 lililosomwa 3,4 linaweza kushushwa kwenye mstari wa 3, na hasara inaongezeka.

Hatusemi kila depo inafanya hivyo kwa kusudi. Wengine hawajui wenyewe. Upande wa pili pia uko: anayeleta kipande kikavu kwenye Metorex na mfuko mbichi kwenye mizani, huyo ndiye anauza maji, na ni mnunuzi anayelia. Sheria ni moja kwa wote, tunaomba kila mchimbaji aikamate kichwani: mbichi na mbichi, kavu na kavu. Kama teneur imesomwa bichi, kilo zihesabiwe bichi. Kama kilo zimekatwa maji, teneur isomwe kwenye jiwe lililokaushwa.

Jaribio la nyumbani, na mitego yake

Si lazima kungoja labo ili kujua maji yako ni karibu kiasi gani. Unahitaji mizani ndogo inayosoma gramu, sahani pana ya chuma, sufuria na mbabula.

Kwanza chagua jiwe. Usitoe juu ya mfuko tu, kwani maji yanashuka chini. Toa kidogo juu, kidogo katikati, kidogo chini, na katika mifuko mingi. Ponda vipande vikubwa, changanya vizuri, fanya kilima, kigawanye kwa nne, tupa sehemu mbili zinazotazamana, changanya tena zilizobaki. Rudia mpaka ubaki na kidogo kinachofanana na mfuko mzima. Kifunge haraka ndani ya plastiki, juu jua linaiba maji na hesabu inaharibika.

Pima gramu 500. Zitandaze kwenye sahani, weka sahani juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Kwa nini si moto wenyewe? Mvuke hauwezi kupita joto la maji yanayochemka, ambalo kwenye nyanda zetu za juu ni chini kidogo ya digrii 100. Kwa hiyo madini hayavunjiki. Inachukua muda mrefu; geuza taratibu, kisha pima. Rudisha, pima tena. Uzito ukikaa palepale mara mbili, umemaliza.

Tuseme gramu 500 zimebaki 430. Zilizopotea ni 70. Gawanya 70 kwa 500: maji ni 14 kwa mia. Na hapa kuna mtego mwingine: kuko wanaogawanya 70 kwa 430, uzito mkavu, na kupata 16,3. Namba hiyo si ya kukata kwenye mfuko mbichi. Kwenye tani moja tofauti hiyo ni kilo 23. Gawanya siku zote kwa uzito uliokuwa nao mwanzoni.

Matokeo hayo si cheti. Ni tochi ya kukuonyesha njia: ukijua yako ni karibu 14, mtu akisema 15 hutagombana naye; akisema 22, utauliza.

Na afya isisahaulike. Fanya kazi hii nje, upepo ukienda mbali na nyumba. Vumbi la kobalti linaharibu mapafu, na baadhi ya mawe ya Katanga yanabeba uraniamu. Sahani na sufuria za jiwe zisirudi kamwe kwenye bukari. Watoto na mama wajawazito wakae mbali.

Kile wakubwa wanafanya, wadogo nao waweza

Kampuni mbili kubwa zinapouziana madini, haziaminiani kwa uso. Wanachukua kipande mbele ya pande zote mbili, wanakigawanya ndani ya mifuko midogo, wanaifunga kwa muhuri: mmoja kwa muuzaji, mmoja kwa mnunuzi, mmoja unawekwa. Kila upande unapima maji na teneur kwake. Namba zikikaribiana, wanalipana. Zikiachana sana, mfuko mdogo wa tatu unapelekwa kwa labo isiyo ya yeyote, na neno lake ndilo la mwisho.

Hakuna kitu katika mpango huo ambacho wachimbaji hawawezi kukifanya. Code minier, tangu ilipobadilishwa mwaka wa 2018, inamtaka mchimbaji wa mikono awe ndani ya kooperative. Basi kooperative isiwe ya kuchanga na kupigania viti tu. Tanuru dogo, mizani ya gramu na daftari: mtu mmoja hawezi kununua, watu mia moja wanaweza. SAEMAPE iko kwa ajili ya kuwasindikiza wachimbaji wadogo; waulizwe kufundisha vijana wawili watatu kuchukua kipande na kusoma tanuru. Mtoto aliyemaliza sekondari ya kemia na anakaa bila kazi, kazi ndiyo hii.

Na mama anayetunza franka za nyumba naye ana nafasi yake. Aandike katika daftari kila mauzo: kilo mbichi, maji yaliyokatwa, teneur, bei. Baada ya miezi michache daftari litaongea. Kama jiwe la shimo lilelile lina maji 20 wakati wa mvua na bado lina 20 katikati ya kiangazi, kila kitu kikiwa kimekauka, basi namba hiyo haikutoka kwenye jiwe.

Turudi sasa kwenye ile asubuhi. Mfuko uko kwenye mizani, mtu wa depo amefinya mkono, amesema makumi mbili. Hatumwambii mchimbaji apige kelele. Anayepiga kelele anaambiwa apeleke jiwe lake kwingine. Tunamwambia atoe karatasi yake mfukoni, yenye namba aliyopima jana, na aulize kwa heshima:

« Yaya, makumi mbili hiyo ulipima na nini? Na Metorex, ulisoma jiwe bichi ao kavu? »